Mayai Matatu Chini ya Bwawa

Mtungi ulifika Moshi kwa basi la Tanga,
umeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
na kondakta akadai nauli ya mtu mzima.
Tukalipa. Kinachobeba pumzi ya mtu
hakiitwi mzigo.

Saa kumi na moja alfajiri,
kabla watoto wa shule hawajaja kulipigia kelele bwawa,
nafungua geti, naopoa maua ya mjakaranda,
natia klorini kwa kikombe cha uji.
Maji yetu hushuka mlimani,
hata Januari yanang'ata.
Ndelilio anaingia kinyumenyume
kama anayeagana na mkwe.

Miaka saba alibeba mahema ya wageni
hadi kambi ya Barafu, gunia kichwani.
Sasa hifadhi ya bahari, kule kusini,
kwenye majabali yaliyotobolewa na mawimbi kama jino bovu,
inataka walinzi wanaozamia,
na yeye, mtoto wa Kibosho,
aliyejifunza kuogelea ndevu zikiwa zimeshaota,
amejaza fomu kwa herufi kubwa.

Bi Mwanakombo, mwalimu wake, si wa maneno mengi.
Aliniomba mayai matatu mabichi,
akayalaza chini, penye vigae vilivyobanduka.
"Haya ndiyo matumbawe.
Elea juu yake, kiganja kimoja tu.
Ukiyagusa umeua kitu
kilichoanza kukua babu yako hajatahiriwa."

Siku ya kwanza alivunja yote.
Ute ukasambaa kama moshi wa kuni mbichi,
na meneja akanikata elfu tatu.
Siku ya pili, mawili.
Siku ya nne niliacha kuhesabu mayai,
nikawa nahesabu mapovu.

Nilidhani mtu huzama kwa nguvu.
Kumbe huzama kwa kutoa pumzi:
akivuta, anapanda kidogo,
akitoa, anashuka kidogo,
mwili mzima unaning'inia kwenye pafu
kama ndoo kwenye kamba.

"Sasa hatari iko wapi?" niliuliza.
Bi Mwanakombo alikuwa anakamua kilemba.
"Si kushuka. Ni kurudi.
Ukipanda mbio, damu inafoka
kama soda iliyotikiswa."
Ndelilio akacheka mpaka akapaliwa na maji.
"Yaani hata huku ni pole pole?"
Akatusimulia yule mgeni wa njia ya Machame
aliyekimbilia kilele peke yake,
akashushwa kwenye machela ya gurudumu moja
akimwita mke wake kwa jina la mbwa.

Aliondoka Jumanne.
Asubuhi ile mayai yalibaki mazima, yote matatu.
Akanikabidhi ndani ya kofia yake ya sufi,
ile ya mlimani,
akasema huko aendako haitamfaa.

Juzi ameandika kwenye simu:
*Mkunde, mkondo wa huku unavuta
kuliko upepo wa Kibo saa nane usiku.
Leo nimeteremka ukuta wa mwamba,
nikakuta tumbawe kubwa kama kibanda cha mama Anasieli.
Pweza alinitazama kama askari wa getini.
Sikugusa kitu.*

Sikugusa kitu.
Nimelisoma hilo nikiuza tiketi,
nikiwarudishia watu chenji pungufu.

Miaka mitano nakaa kando ya maji haya
na sijawahi kulowesha goti.
Jana, geti limefungwa,
taa ya mlinzi imewaka upande wa pili,
nililala kifudifudi ukingoni,
nikashusha mayai kwa wavu wa kuopolea majani.
Mawili tu. La tatu nilikuwa nimeshalikaanga.
Nikatia uso, macho wazi.

Klorini iliwasha.
Vigae vilitetemeka, kisha vikatulia.
Mayai yalikuwa pale, meupe,
hayana haraka na mtu.

Nikatoa pumzi, kidogo.